Mwongozo kamili wa mionzi ya tezi dume: kuanzia kuchagua mpaka miaka baada ya kumaliza

Naandika hii kwa ajili ya mwanaume aliyetoka kwa daktari leo na bahasha mkononi, kaambiwa ana saratani ya tezi dume, kaambiwa achague upasuaji au mionzi, halafu karudishwa nyumbani akafikirie. Mimi nilikuwa huyo nikiwa na miaka 66. Nilipigwa mionzi mara 20 pamoja na sindano za homoni miezi 6, na kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema ni kwamba mionzi yenyewe huisikii kabisa, kazi yote iko kabla na baada, kwenye kuchagua, kwenye kibofu, kwenye tumbo na kwenye kukaa na mwili wako miaka inayofuata. Mi siyo daktari. Haya ni ya kukufanya uende kwa daktari wako ukiwa unajua cha kuuliza.

Kabla ya yote tafuta daftari moja tu la hii kazi, kila ripoti na kila swali liingie humo, maana ukikaa mbele ya daktari kichwa kinakuwa cheupe.

Hatua ya 1: jua kwanza saratani yako ni ya aina gani

Saratani nyingi za tezi dume zinakua polepole, kwa hiyo wiki kadhaa za kufikiria na kutafuta maoni ya daktari wa pili kwa kawaida haziharibu kitu. Isipokuwa kama mgongo unauma vibaya na miguu inaanza kukosa nguvu au kufa ganzi, hiyo siyo ya kusubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukurasa wa kwanza wa daftari andika vitu vinne: PSA yako (kile kipimo cha damu cha tezi dume) kabla ya matibabu yoyote, Gleason (alama ya ukali wa seli za saratani), hatua ya uvimbe (ile herufi T na namba yake), na skani zimeonyesha nini. Gleason inaandikwa kama hesabu ya kujumlisha, mfano 3+4=7, na namba ya kwanza ndiyo aina ya seli iliyojaa zaidi, ndo maana 3+4 na 4+3 zote ni 7 ila hazilingani, hiyo ya pili ni kali zaidi. Ripoti za siku hizi zinaongeza kundi la 1 mpaka 5: Gleason 6 ni kundi la 1, 3+4 ni la 2, 4+3 ni la 3, 8 ni la 4, 9 na 10 ni la 5.

Kwa ujumla PSA chini ya 10, Gleason 6 na uvimbe mdogo uliobaki ndani ya tezi ni hatari ndogo. PSA ya 10 mpaka 20 au Gleason 7 ni hatari ya kati. PSA zaidi ya 20, au Gleason 8 kwenda juu, au saratani imeanza kutoka nje ya ganda la tezi, hiyo ni hatari kubwa, na hapo lazima upigwe skani za kuangalia mifupa na tezi za limfu kabla mtu hajakupangia mionzi.

Kama upo kwenye hatari ndogo, naomba unisikilize hapa vizuri. Swali lako la kwanza siyo mionzi ipi, ni je unahitaji kutibiwa sasa hivi au ufuatiliwe tu kwa PSA, picha za MRI na baiopsi (kuchukuliwa vipande vidogo vya tezi kupimwa) za kurudia. Kule Uingereza walifanya utafiti unaoitwa ProtecT, wanaume 1,643 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafuatiliwa, wengine wakapasuliwa, wengine wakapewa mionzi, na majibu ya miaka 15 yaliyotoka mwaka 2023 yalionyesha waliokufa kwa saratani hii ni kama 3 tu kati ya 100, bila tofauti kubwa kati ya makundi. Ukweli wa upande wa pili ni kwamba kwa waliofuatiliwa saratani ilisambaa kwa kama 9 kati ya 100, wakati kwenye makundi mengine ilikuwa kama 5. Kwa hiyo kufuatiliwa siyo kutelekezwa, ila nidhamu ya vipimo ni lazima.

Hatua ya 2: upasuaji au mionzi

Nilienda kwa daktari wa upasuaji akanishauri upasuaji, nikaenda kwa daktari wa mionzi akanishauri mionzi, na wote wawili walikuwa wakweli. Ila mwamba ngoma huvutia kwake, ndo maana nasema waone wote wawili kabla hujasaini.

Kwa saratani iliyobaki ndani ya tezi, kuponya zinakaribiana, zinachotofautiana ni namna zinavyokuumiza. Upasuaji unakupa kuvuja mkojo mapema na nguvu za kiume zinashuka palepale, wengine zinarudi taratibu wengine hapana. Mionzi haivujishi mkojo kiasi hicho, ila inasumbua zaidi haja kubwa, na nguvu za kiume zinapungua polepole, miaka miwili mitatu baadaye ndo unaona.

Sasa anza na shida uliyonayo tayari. Kama mkojo wako unatoka kwa shida, unasukuma, unaamka mara nne usiku na tezi ni kubwa sana, mionzi inaweza kuizidishia, pengine ukahitaji dawa au homoni za kuipunguza tezi kwanza au upasuaji ukawa na maana zaidi. Kuna fomu ya maswali saba inayoitwa IPSS inayokupa alama 0 mpaka 35, omba ujaziwe. Kama una ugonjwa wa utumbo wa kuvimba na kutoa damu, au uliwahi kupigwa mionzi ya nyonga, sema mapema, inaweza kufunga mlango wa mionzi kabisa. Na kama moyo au mapafu yako hayawezi kubeba usingizi wa upasuaji basi mionzi inakufaa zaidi.

Utasikia pia watu wanasema ukipasuliwa saratani ikarudi unaweza kupewa mionzi, ila ukipewa mionzi huwezi kupasuliwa. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili imetiwa chumvi, upasuaji baada ya mionzi upo ila ni mgumu na una madhara mengi, na kuna njia nyingine za kutibu ikirudi. Usiamue kwa sentensi hiyo peke yake.

Hatua ya 3: mionzi ipi sasa

Mionzi ya nje inatoka kwenye mashine, unalala, inakuzunguka, unaondoka. Zamani ilikuwa siku 37 hivi au zaidi, yani wiki saba na kitu. Halafu utafiti mwingine wa Uingereza, CHHiP, wenye wanaume zaidi ya 3,200, ukaonyesha mara 20 kwa wiki nne, kila siku dozi kubwa kidogo, haina upungufu ukilinganisha na ile ndefu. Sa hivi sehemu nyingi mara 20 ndo kawaida. Ipo pia ya mara 5 tu, dozi kubwa sana kila mara na shabaha kali, na majibu ya utafiti wa PACE-B yaliyotoka 2024 yalionyesha baada ya miaka 5 wanaume kama 96 kati ya 100 saratani ilikuwa haijarudi, dhidi ya kama 95 kwa mionzi ya kawaida. Ila hao walikuwa wa hatari ndogo na ya kati, na shida za mkojo zilikuwa zaidi kidogo kwa waliopigwa mara 5. Mtu ambaye tayari mkojo unamsumbua aliangalie hilo.

Mionzi ya ndani, brakitherapi, ni mbili. Moja wanakupandikizia mbegu ndogo za iodini ndani ya tezi na zinabaki humo maisha yako yote, zikipoteza nusu ya nguvu kila baada ya siku 60 hivi, kwa hiyo miezi ya mwanzo utaambiwa usipakate watoto na usikae muda mrefu karibu na mjamzito. Nyingine wanaingiza sindano, chanzo cha mionzi kinapita humo dakika chache halafu kinatolewa, hubaki na kitu. Hii ya pili mara nyingi inaongezwa juu ya mionzi ya nje kwa wenye hatari kubwa. Zote zinawasha mkojo zaidi.

Kuhusu mionzi ya protoni, aina nyingine ya mionzi ya nje, usiuze kiwanja kuzifuata. Kwa tezi dume hazijaonyesha kuzidi mionzi ya kawaida iliyopigwa vizuri.

Na hiyo kupigwa vizuri ndo kitu cha kuuliza. Mi niliandika maswali haya na nikayasoma hivyohivyo kwenye daftari bila aibu:

- Mashine ni LINAC (inayotengeneza mionzi kwa umeme) au ya kobalti (yenye madini yanayotoa mionzi yenyewe)? Mionzi inaumbwa kufuata umbo la tezi (wanaita IMRT au VMAT)?
- Kila siku mnapiga picha kabla ya kuanza, kuona tezi ilipo?
- Mara ngapi, na kwa nini idadi hiyo kwangu?
- Tezi za limfu mtazipiga pia?
- Mashine ikiharibika katikati ya matibabu mnafanyaje?

Hilo la mwisho wengi hawaulizi. Mashine zinaharibika kila mahali, na siku zikikatika nyingi dozi inapoteza nguvu, kwa hiyo ujue mapema kama kuna mashine ya pili au wana utaratibu wa kufidia siku.

Hatua ya 4: sindano za homoni

Hatari ndogo kwa kawaida haihitaji. Hatari ya kati mara nyingi miezi 4 mpaka 6, hatari kubwa miezi 18 mpaka 36. Sindano kama goserelin au leuprolide zinazima testosteroni, homoni ya kiume, ambayo ndiyo chakula cha saratani hii. Dozi ya kwanza inaipandisha kidogo kabla ya kuishusha, ndo maana unapewa vidonge wiki za mwanzo, usiviache.

Kwangu mimi sindano zilikuwa ngumu kuliko mionzi na nasema hivyo bila kuficha. Saa nane usiku naamka shuka limelowa, joto linapanda kutoka kifuani kwenda usoni, dakika tano baadaye natetemeka baridi. Hamu ya tendo la ndoa ikazima kama taa. Nikawa nalia kwa vitu vidogo na sielewi kwa nini, mpaka mke wangu akauliza mbele ya daktari ndo nikajua hata hilo ni la dawa. Kwa hiyo mama, kama unasoma hii kwa ajili ya mzee wako, huo ukimya na hasira siyo kwamba amekuchoka.

Cha kufanya: mazoezi ya kubeba uzito na kutembea kila siku, kwa sababu sindano zinakula misuli na mifupa, uliza kuhusu vitamini D na kipimo cha uimara wa mifupa hasa kama ni miaka na siyo miezi, fuatilia sukari na presha, na joto likizidi sema, dawa za kulipunguza zipo.

Hatua ya 5: maandalizi

Wengi wanawekewa chembe tatu ndogo za dhahabu ndani ya tezi ili mashine iione, inafanana na baiopsi, ukipata homa au baridi kali baada ya hapo kimbia hospitali usingoje asubuhi. Sehemu nyingine wanaingiza jeli kati ya tezi na puru (ule utumbo wa mwisho wa haja kubwa) kuisogeza puru mbali na mionzi, na inayeyuka yenyewe baada ya miezi. Halafu unapigwa CT skani ya kupanga, unachorwa vidoti vitatu vya kudumu kwenye ngozi, na wao wanaenda kukaa na hesabu siku kadhaa.

Unayetaka bado kupata mtoto, hifadhi mbegu za kiume kabla ya sindano na mionzi, baada yake umechelewa. Mwenye betri ya moyo aseme. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Na miti shamba yote uliyonayo ndani itaje kwa jina, usione haya. Sigara acha sasa, inazidisha madhara ya kibofu na utumbo.

Hatua ya 6: siku zenyewe, na hapa ndipo kibofu kinakuwa bosi

Tezi imekaa chini ya kibofu na mbele ya puru. Kibofu kikijaa kinajinyanyua na kuusukuma utumbo mwembamba juu, mbali na mionzi. Puru ikiwa na gesi au choo inaisukuma tezi mbele, milimita kadhaa, na mionzi ya siku hizi imelengwa kwa milimita. Ndo maana wanakung'ang'ania uje na kibofu kilichojaa na tumbo tupu, wengine wanakupa enema ndogo (dawa ya kuingizwa nyuma kusafisha choo) kabla.

Utaratibu wangu ulikuwa hivi: nafika, naenda chooni kumaliza vyote, nakunywa nusu lita ya maji ndani ya dakika kumi, nasubiri dakika 45. Kila kituo kina vipimo vyake, fuata vya kwako, siri ni kufanya vilevile kila siku kama ulivyofanya siku ya skani ya kupanga.

Siku ya tatu nilifika nimekunywa, nikapanda kitandani, mashine ikapiga picha, kimya, halafu sauti ya yule binti wa mashine ikatoka kwenye spika, "Baba, kuna gesi nyingi, shuka kidogo ukatembee." Nikashuka na lile gauni la kufungwa nyuma, kibofu kimejaa mpaka kwenye koo, nikatembea koridoni na kurudi, nikaenda chooni kujaribu kutoa gesi bila kutoa mkojo, na anayejua anajua huo mtihani. Dakika ishirini baadaye picha ikakubali. Kumbe usiku ule nilikuwa nimekula maharage na kabichi na kunywa soda. Kuanzia hapo wiki nne zote nikaacha vinavyoleta gesi, nikala taratibu nikiwa nimefunga mdomo maana hewa unayomeza nayo inafika huko, na usiku nikanywa maji ya kutosha, ukija umekauka maji ya asubuhi yanachelewa kushuka kwenye kibofu.

Kulala mezani ni dakika 10 mpaka 20, mionzi yenyewe dakika chache tu, husikii joto wala maumivu. Foleni ikichelewa na umebanwa, waambie. Kukojoa kidogo na kuanza upya siyo dhambi, kuliko kujikojolea.

Hili nalisema kwa sauti: mionzi ya nje haibaki mwilini. Binti yangu alikuwa anamzuia mjukuu asinikaribie, kwa upendo kabisa, na mi nikakubali wiki nzima kwa sababu sikujua. Mtoto anasimama mlangoni ananiangalia. Pakata wajukuu, lala na mke wako, kula nao.

Hatua ya 7: madhara ya mwanzo

Wiki mbili za kwanza utajiona shujaa. Yanaanza wiki ya pili au ya tatu na yanafika kileleni mwishoni na wiki moja mbili baada ya kumaliza, kwa hiyo usishtuke kuona umemaliza na bado unazidi kuumwa.

Mkojo: kwenda mara kwa mara, kuchoma, nguvu kupungua, usiku kuamka. Usipunguze maji kwa kuogopa, mkojo mzito unachoma zaidi, punguza kahawa, chai nzito na pombe. Tamsulosin, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, inasaidia wengi, na omba wapime mkojo kwanza kama ni maambukizi. Ukishindwa kabisa kukojoa, hiyo ni dharura, utawekewa mpira wa kutolea mkojo na siyo mwisho wa dunia. Mabonge ya damu na homa nayo ni ya haraka.

Haja kubwa: choo laini, kubanwa ghafla, ute, damu kidogo kwenye karatasi. Kama unaendesha punguza kwa muda vyakula vya nyuzinyuzi ngumu, na usianze dawa ya kuzuia kuharisha bila kuuliza.

Uchovu ni wa aina yake, usingizi hauumalizi. Kinachousaidia kuliko vyote ni kutembea, nusu saa kila siku, hata kama miguu haitaki.

Kila Jumapili mi niliandika kwenye daftari: nimeamka mara ngapi usiku, nimeenda choo mara ngapi, damu ipo au haipo. Daktari akiuliza "unaendeleaje" usijibu "salama tu", mpe namba.

Hatua ya 8: miaka inayofuata

PSA inapimwa kila baada ya miezi 3 mpaka 6 mwanzoni, na haishuki sifuri kama kwa aliyepasuliwa kwa sababu tezi bado ipo, inashuka polepole hata mwaka mmoja au miwili. Halafu inaweza kupanda kidogo na kushuka tena yenyewe, mara nyingi kwenye mwaka wa kwanza mpaka wa pili na kitu. Yangu ilitoka 0.3 ikaenda 0.7 na nilikosa usingizi wiki mbili, kipimo kilichofuata ikarudi 0.4. Kipimo wanachotumia kusema saratani imerudi ni PSA kupanda 2 juu ya namba ya chini kabisa uliyowahi kufika. Na ukiacha sindano, testosteroni inarudi na PSA inasogea kidogo nayo. Pima maabara ileile.

Nguvu za kiume usizisubirie ziondoke ndo uulize. Sildenafil na tadalafil zinafanya kazi kwa wengi baada ya mionzi, isipokuwa kama unatumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, hapo ni marufuku. Shahawa zitapungua au kukauka, raha inabaki. Mazoezi ya kubana ile misuli unayoitumia kuzuia gesi isitoke, fanya kila siku, yanasaidia mkojo pia.

Damu kwenye choo au mkojo inaweza kutokea hata miaka baadaye kwa sababu mishipa iliyopigwa mionzi ni dhaifu. Mara nyingi inatibika, ila ichunguzwe, usiseme ni mionzi tu ukanyamaza. Na ukipelekwa kuingiziwa kamera nyuma, mwambie daktari kabla hajaanza kwamba ulipigwa mionzi ya tezi dume, maana kukata kipande cha nyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa puru kunaweza kuacha kidonda kisichopona mpaka fistula (tundu linalotoboka kwenda kwenye njia ya mkojo). Huyo daktari wa kamera anaweza asijue historia yako kabisa. Mi nilichana karatasi kwenye daftari langu, nikaandika tarehe, idadi 20, jumla ya dozi Gy 60 (Gy ni kipimo cha mionzi), na mstari mmoja chini, "msikate ukuta wa mbele wa puru bila kumuuliza daktari wangu wa mionzi", nikaitia nailoni, ipo kwenye waleti nyuma ya kitambulisho, na mke wangu anajua ilipo.